Pikapu ya dizeli ya zamani inatoa moshi? Maliza mambo ya hewa kwanza ndo uguse pampu

Kuna kauli naisikia kila siku, eti "dizeli ya zamani lazima itoe moshi". Mimi siikubali hata kidogo. Injini ya dizeli hata iwe imetembea kilomita laki tatu, kama iko vizuri na imeshapata moto, ukitembea kawaida hutakiwi kuona kitu nyuma, labda kidogo tu pale unapokanyaga mafuta ghafla au umebeba mzigo unapanda mlima. Pikapu yangu ni ya zile za pampu ya mafuta ya kimekanika, haina kompyuta, ina tabo (inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na intakula (inayoipoza hewa hiyo), na nilivyoichukua ilikuwa ukiondoka tu gari la nyuma haliko tena kwenye kioo, limemezwa na moshi. Sasa hivi inatembea safi na injini ni ile ile, sijafanya ovaholi. Kwa hiyo haya nayoandika nimeyapitia.

Na hili si suala la gari kuonekana baya. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta wa kwanza ni mtu wa pikipiki aliye nyuma yako na mtoto anayetembea pembeni ya barabara, na masizi yale ni madogo sana, yanaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mimi hilo linaniuma kweli.

Kabla hujanunua kitu chochote angalia rangi. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, mafuta hayaungui yote yanabaki masizi. Wa bluu ni oili inaungua, hapo ni sili za valvu, ringi, au sili za tabo, na kabla hujaogopa cheki kwanza kama oili haijajazwa kupita alama ya juu ya kijiti. Mweupe asubuhi ambao unaisha injini ikipata moto ni mafuta yanayotoka bila kuungua. Mweupe ambao hauishi, una harufu ya utamutamu na maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina ufa, usiendelee kutembelea hilo gari.

Wengi wetu shida yetu ni mweusi, na hapa ndo watu wanapoteza hela, kwa sababu wakiona moshi mweusi wanakimbilia pampu na nozeli (zinazopuliza mafuta ndani ya silinda) wakati hewa hawajaiangalia kabisa. Anza na eya klina, ile filta ya hewa. Usiridhike na kuipuliza kwa kompresa, ikipulizwa mara nyingi karatasi inatoboka na vumbi linaingia kula silinda, weka mpya. Halafu fuata njia yote ya hewa kuanzia kwenye boksi la eya klina mpaka kwenye tabo, kutoka tabo mpaka intakula, kutoka intakula mpaka manifoldi inayogawa hewa kwenye silinda, shika kila hozi kwa mkono uiminye. Sehemu inayovuja mara nyingi utaikuta na unyevunyevu wa oili yenye vumbi, au ukiwa na mzigo unasikia kama mluzi. Njia ya uhakika ni kuziba mdomo wa upande mmoja, unaingiza hewa ya presha ndogo tu, bar moja inatosha kabisa usizidishe, unapaka maji ya sabuni unaangalia mapovu yanatokea wapi.

Kwangu hozi ya intakula ilikuwa imepasuka chini ya klampu, sehemu ambayo kwa macho huioni mpaka uitoe. Na hapo ndo nikaelewa hadithi nzima ya lile gari. Hizi pampu za mafuta za muundo unaoitwa VE, kwenye injini za tabo zina kifuniko juu chenye daiframu ndani yake, kuna kihozi kidogo kinaleta presha ya tabo pale, presha ikipanda daiframu inasukuma na pampu inaongeza mafuta. Sasa hozi kubwa ikipasuka presha haifiki, gari linakosa nguvu, mwenye gari analalamika, fundi anachukua bisibisi anaongeza ile skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Nguvu inarudi kidogo mwenye gari anafurahi, lakini sasa mafuta yameongezwa na hewa bado inavuja, moshi unakuwa balaa. Waya wa sili kwenye skrubu ya pampu yangu ulikuwa umeshakatwa, kwa hiyo kuna mtu kabla yangu aliichezea. Ukiikuta sili imekatwa, baada ya kumaliza mambo ya hewa yote ipeleke pampu kwa watu wenye mashine ya kuipima waiseti kwa vipimo vya mtengenezaji. Kukadiria kwa kusikiliza mlio hapana jamani, ukizidisha mafuta huo si moshi tu, joto la eksozi linapanda na unaweza kuyeyusha pistoni au kuua tabo.

Hewa ikiwa sawa njoo kwenye nozeli. Zitolewe zote zipimwe kwenye mashine, usikubali kuambiwa "zinaonekana nzuri" kwa macho. Kuna mambo matatu ya kuangalia: inafunguka kwenye presha gani, inapuliza ukungu mzuri au inatoa kama mkojo, na ikifunga inadondosha au haidondoshi. Injini nyingi za zamani zenye chemba ya pembeni nozeli zake zinafunguka kati ya bar 100 na 150 hivi, za kupuliza moja kwa moja juu ya pistoni huwa ni zaidi ya hapo, kitabu cha injini yako ndo kitasema namba kamili. Presha ikishuka kwa sababu springi imechoka, mafuta yanaingia mapema na kwa matone makubwa, moshi hauishi hata ufanye nini. Wakati wa kurudisha weka washa mpya za shaba.

Taimingi ya pampu nayo icheki. Ikichelewa gari linatoa moshi na linakuwa zito, ikiwahishwa sana injini inagonga na zile gesi za naitrojeni oksaidi zinaongezeka. Tapeti pia, yaani nafasi za valvu, ziseti kwa vipimo, valvu ikibana haifungi vizuri kompresheni inapungua.

Kwa wale wa moshi mweupe asubuhi, pima plagi za joto (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) moja moja kwa mita, nzima kwa kawaida inasoma ohomu moja hivi, iliyokufa haisomi kitu. Na kama mtu alitoa thamostati eti gari lisichemshe, irudishe. Injini inatakiwa ifanye kazi ikiwa na nyuzi 80 na kitu, ikitembea ya baridi mafuta hayaungui vizuri na silinda zinalika haraka. Kama gari lilikuwa linachemsha basi tibu rejeta au pampu ya maji.

Sasa EGR, ile valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kama gari lako linayo. Najua wengi mnaiziba na bati. Ni kweli ikikwama wazi inarudisha moshi mwingi ndani, hewa safi inapungua, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na ukiziba moshi unaoonekana unapungua. Lakini kazi yake ni kushusha joto ndani ya silinda ili naitrojeni oksaidi zisitengenezwe kwa wingi, na hizo hazionekani kwa macho ila zinaumiza vifua vya watu. Kwa hiyo ukiziba umepunguza kile unachokiona na kuongeza kile usichokiona, mimi siwezi kukushauri hivyo. Itoe, safisha masizi na dawa ya kabureta, jaribu kama inafunguka na kufunga kwa vakyumu (mvuto wa hewa), cheki na vihozi vyake vya vakyumu maana mara nyingi shida iko huko. Manifoldi ya hewa nayo itoe uisafishe, masizi ya EGR yakichanganyika na oili yanaganda mpaka tundu linabaki dogo, na hakuna dawa ya kumwaga kwenye tangi inayoweza kufika huko kwa sababu mafuta hayapiti pale.

Hizo dawa za tangi kwa ujumla sizipingi, zinaweza kusaidia nozeli chafu kidogo, ila haziwezi kurekebisha springi iliyochoka wala hozi iliyopasuka. Muhimu zaidi ni mafuta yenyewe. Nunua dizeli yenye salfa ndogo kama inapatikana, epuka iliyochanganywa na mafuta ya taa maana inakosa ulainisho na pampu inakufa, toa maji kwenye filta mara kwa mara. Ukitaka kufunga katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) kwenye eksozi inafanya kazi vizuri kwa kaboni monoksaidi na harufu, lakini inahitaji hiyo dizeli ya salfa ndogo na injini iliyokwisha kurekebishwa, ukiifunga kwenye injini inayotema masizi itaziba.

Uendeshaji nao una mchango wake. Usikanyage mafuta mpaka chini ukiwa gia kubwa na resi ndogo, hapo tabo bado haijaleta hewa, shusha gia. Upepo mdogo kwenye matairi, breki zinazoshika, mizigo isiyo na kazi inayozunguka nyuma kila siku, vyote vinaifanya injini iombe mafuta zaidi.

Ukimaliza, peleka gari lipimwe kwa mashine ya moshi kama unaipata. Kwa kumbukumbu, vipimo vya Ulaya kwa dizeli za zamani vilikuwa mwisho 2.5 kwa injini isiyo na tabo na 3.0 kwa yenye tabo, kwa kipimo cha m⁻¹, yaani jinsi moshi unavyozuia mwanga. Injini iwe imepata moto kabisa kabla ya kupima, na andika namba uliyopata pamoja na kilomita za siku hiyo, ili ikianza kupanda tena ujue mapema na urudi kwanza kwenye eya klina na hozi.