Kutoa betri ya gari: kwa nini waya hasi hutangulia

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya wowote wa kuanza na waya chanya unapotoa betri nyumbani, maadamu injini imezimwa. Ubaya upo. Katika magari ya kisasa karibu yote, ncha hasi imeunganishwa na bodi, hivyo spana inayofungua nati ya chanya ikigusa chuma cha gari wakati waya hasi bado umefungwa, mkondo mkubwa hupita ndani yake papo hapo, cheche huruka, na spana huweza kupata moto kiasi cha kuunguza mkono. Ukitangulia kufungua hasi, njia hiyo inakuwa imekatika.

Kwa hiyo zima gari, vua pete na saa ya chuma, kisha legeza nati ya hasi, ambayo mara nyingi huhitaji spana namba 10, na uusogeze waya mbali usije ukarudi wenyewe. Ikiwa kichwa cha waya kimeganda kwa unga mweupe au wa kijani, usikigonge kwa nyundo. Kizungushe taratibu kushoto na kulia, kwa kuwa ncha za betri ni za madini ya risasi, nayo ni laini. Ndipo ufungue chanya, halafu kishikizo cha betri. Inyanyue ikiwa wima, maana ndani mna asidi ya salfa, na uzito wa betri kwa kawaida huzidi kilo 10. Wakati wa kuirudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia. Redio nyingine hudai namba ya siri baada ya kukosa umeme, basi itafute kabla hujagusa spana.