Mpaka una pande mbili: kwako unayeanza kazi ya ramani za halmashauri Nyanda za Juu Kusini

Kuna zahanati moja niliyoitafuta kwenye ramani siku mbili nzima. Ipo kweli, nimeingia ndani yake, nimekaa kwenye benchi pamoja na kina mama waliokuja na watoto wao kliniki. Lakini katika orodha ya vituo iliyotokana na ramani ya mkoa haikuwepo. Muuguzi wake ndiye aliyetushtua, akauliza mbona kila ratiba ya usambazaji inawaruka wao.

Nilipozileta pamoja data za halmashauri mbili zinazopakana pale, nikaliona tatizo. Kila moja ilikuwa imechora mpaka kwa upande wake. Mpaka ule unapinda, kwa hiyo mahali pamoja palibaki upenyo usio wa mtu, upana wake kama mita 300, na zahanati ilikuwa katikati ya upenyo huo. Mbele kidogo mistari ilipandana, na shule ya msingi ikahesabiwa na halmashauri zote mbili. Hakuna aliyefanya uzembe. Wote walichora kwa uangalifu, ila kila mmoja alichora peke yake.

Mdogo wangu uliyepangiwa kituo huku, uwe mpima, mtakwimu, afisa mipango au mtu wa TEHAMA uliyekabidhiwa ramani kwa kuwa hakuna mwingine, hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Mpaka wa halmashauri yako ni mpaka wa jirani yako pia. Ukiusogeza mstari wako bila yeye kujua, umesogeza ardhi yake, shule yake na wapiga kura wake, hata kama nia yako ilikuwa kusafisha faili tu.

Nikueleze zile mita 300 zilitoka wapi, maana utakutana nazo. Ramani zetu za zamani za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado zimo kwenye makabati ya ofisi nyingi za ardhi, zilichorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960. Simu yako na GPS ya mkononi hutumia datumu nyingine, WGS84. Nukta ile ile ya ardhini, ikiandikwa kwa mfumo mmoja na kusomwa kama vile ni wa mwingine, inahama takriban mita 300. Kwa hiyo ukiona data mbili zimepishana kiasi hicho, tena kwa kiasi kile kile na kuelekea upande ule ule kila mahali, usikimbilie kuvuta mstari kwa mkono. Uliza kwanza: hii ilichukuliwa kwa datumu gani? Badilisha kwa programu, kisha tazama tena. Mara nyingi mgogoro wote unayeyuka hapo hapo.

Kama uko Kilolo, ongeza swali jingine: kanda ipi ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita? Mstari wa nyuzi 36 mashariki unaikata wilaya hiyo, upande wa magharibi ni kanda ya 36 na upande wa mashariki ni ya 37. Nukta za Ruaha Mbuyuni zilizoandikwa kwa kanda ya 37, ukizifungua kama za 36, zinaruka hadi pande za Ziwa Tanganyika. Kosa kubwa namna hiyo angalau unaliona. Linalodhuru zaidi ni dogo, lile linaloweza kupita machoni. Mtu akifupisha kodineti (namba zinazotaja mahali) za digrii hadi tarakimu tatu baada ya nukta, ameshapoteza uhakika wa makumi ya mita. Dai tarakimu tano au sita, hata kama anayekutumia anaona unamsumbua.

Sasa turudi kwa jirani. Fanyeni makubaliano ya kazi kati ya halmashauri zinazopakana, yaandikwe: nani anatunza mstari wa pamoja, na nani lazima aambiwe kabla haujaguswa. Sisi tulikubaliana kwamba mstari wa mpaka unakaa kwenye faili lake peke yake, moja tu, na kila halmashauri inajenga poligoni yake, yaani umbo la eneo lake lote, kutokana na mstari huo. Poligoni zikizaliwa na mstari mmoja haziwezi kuachana wala kupandana. Faili likawekwa ngazi ya mkoa, kwa sababu mkoa hauna upande. Na mpaka ukiwa kati ya mikoa miwili, kama Mbarali na Wanging'ombe au Mufindi na Njombe, sekretarieti za mikoa yote miwili zihusike tangu kikao cha kwanza. Usisubiri ugomvi uanze ndipo uwatafute.

Wewe mtaalamu huamui mpaka uko wapi. Mipaka ya mikoa, wilaya na halmashauri inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kazi yako ni kuyachora maneno ya tangazo kwa uaminifu. Kwa hiyo kila mstari uwe na maelezo yake: umetoka kwenye tangazo lipi, mwaka gani, nani alichora, kwa kifaa gani. Wenzetu wa Mbarali wanajua uzito wa jambo hili. Tangazo Na. 28 la mwaka 2008 lililopanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha liliwaacha wakazi wa vijiji vya Usangu na maswali ya miaka mingi kuhusu wako ndani au nje. Mkulima wa mpunga anayeuliza swali hilo anauliza kama atavuna. Usimjibu kwa kukisia kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

Ndiyo maana nakusihi uende uwanjani. Nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu Rungwe na Busokelo mvua inaweza kukukatisha hadi Mei, na tope la huko si la kushindana nalo. Beba koti, asubuhi za Juni huko Umalila na Makete zinauma. Kabla hujafika, watendaji wa vijiji vyote viwili wawe na taarifa kwa barua, na wazee wa pande zote mbili watembee pamoja na wewe. Nasema pamoja. Ukitembea na upande mmoja leo na mwingine kesho, utarudi na mipaka miwili. Salimia kwanza, "kamwene" ukiwa kwa Wahehe au Wabena, na usitoe kifaa mfukoni kabla watu hawajajua kinafanya nini. Niliwahi kuona mkutano mzima ukivunjika kwa sababu kijana alianza kuchukua nukta wakati mwenyekiti bado anafungua kikao. Watu waliona wanapimwa ili wanyang'anywe.

Mzee akikuonyesha mti au kijito, muulize jina lake na uliandike kama anavyolitamka, pamoja na kodineti. Tangazo likisema "mpaka unafuata mto", uliza ni mto wa sasa au mkondo wa zamani. Mito ya tambarare inahama. Ule Songwe unaotutenganisha na Malawi unajulikana kwa kubadili njia yake huko Kyela, na mito midogo ya ndani hufanya hivyo bila mtu kuiandika. Mwisho wa matembezi, muhtasari uandikwe na kusainiwa na pande zote mbili palepale, kabla ya gari kuwashwa.

Jambo jingine ambalo wageni hulisahau ni muda. Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012 kutoka Iringa, na Songwe 2016 kutoka Mbeya. Ukiweka sensa ya 2012 kando ya ile ya 2022 bila kujua hilo, utaona Mbeya ikishuka kutoka watu milioni 2.7 hadi milioni 2.3, na unaweza kuandika taarifa ya kuhuzunisha juu ya watu waliokimbia. Hakuna aliyekimbia. Songwe imeondoka na watu wake zaidi ya milioni 1.3. Kwa hiyo usifute mipaka ya zamani unapopata mipya. Kila mpaka uupe tarehe mbili, umeanza lini kutumika na umekoma lini, na utumie misimbo ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuunganisha majedwali. Majina pekee hayatoshi: "Mbozi" ya leo si "Mbozi" ile ambayo Momba na Tunduma zilikuwa bado ndani yake, na Songwe ni mto, ni mkoa, tena ni wilaya.

Kuhusu programu sitasema mengi. QGIS inatosha na haina malipo. Washa ukaguzi wa topolojia, unaoonyesha penye upenyo au mistari iliyopandana, kabla ya kutuma faili lolote, na usitume mpaka kwa WhatsApp ukiita "mpaka mpya final 2".

Na ukihamishwa, usiondoke na kazi kwenye kompyuta yako binafsi. Nimeona halmashauri ikianza upya kupima kwa sababu faili zilihamia mkoa mwingine pamoja na mtu wake. Kabidhi kwa maandishi, nakala kwa mkurugenzi, nakala mkoani, na nakala kwa yule mwenzako wa upande wa pili. Mpaka wa ile zahanati ulipatikana hivyo: mtangulizi wa jirani yetu, aliyekwisha kustaafu, alikuwa ameacha muhtasari wa matembezi kwenye jalada la ofisi, wenye sahihi za vijiji viwili na kodineti nane zilizoandikwa kwa kalamu, na chini yake neno moja, "Arc".