Jibu: Jina la nani litangulie kwenye makala?
Ndugu, umeuliza kama msimamizi anaweza kutanguliza jina lake kwenye makala ya utafiti wako kwa kuwa tu alikusimamia. Hapana. Kusimamia ni wajibu wake wa kazi. Kama alibuni swali, alichambua data au aliandika nawe, hapo ni mwandishi mwenza halali. Pendekezo la UNESCO la 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linawataka wawatambue wote waliochangia kazi, wanafunzi wakiwemo. Linaloniuma zaidi ni hili: mwanafunzi habishani kwa uhuru na mtu anayeshika alama zake, kwa hiyo mwalimu ndiye anayepaswa kulizungumza mapema. Muombe mkubaliane kwa maandishi. Akikataa, nenda kwa mkuu wa idara na rasimu zako zenye tarehe.