Kuitazama tena Tron: kwa mnaoanza uhuishaji wa kompyuta

Mkikaa kikundi kuitazama upya Tron ya 1982, kwanza acheni kudhani kwamba kila kinachong'aa kimetoka kwenye kompyuta. Filamu ni ya dakika 96, na picha zilizoundwa na kompyuta yenyewe ni dakika 15 hadi 20 tu. Mavazi yanayowaka ya waigizaji ni kazi ya mikono. Walirekodiwa kwa filamu nyeusi-nyeupe, kila fremu ikakuzwa kwenye karatasi kubwa ya plastiki inayopitisha mwanga, sehemu zisizohitajika zikazibwa, kisha taa ikawashwa kwa nyuma na kupitishwa kwenye kichujio cha rangi. Rangi nyingine ikitakiwa, fremu ileile inapigwa tena.

Angalieni mavazi hayo yanavyopepesa. Plastiki zile zilitofautiana unasaji wa mwanga kutoka boksi hadi boksi, na hazikutumika kwa mfuatano wa kutengenezwa kwake. Kasoro hiyo bado ipo: mkipiga picha za fremu moja moja kwa simu, fungeni mwangaza wa kamera. Mkiuacha kwenye otomatiki, picha itapepesa vilevile.

Sasa simamisheni kwenye mbio za pikipiki za mwanga. Hii ni kazi ya kampuni ya MAGI ya New York. Mfumo wao ulijenga vitu kwa maumbo kamili ya kihesabu, kama tufe, silinda na koni, yakiunganishwa au kukatana, ndiyo maana mikunjo ya pikipiki ni laini kabisa. Meli kubwa ya Sark, kamanda adui katika filamu, ni ya kampuni ya Triple-I ya California, waliotumia poligoni, yaani vipande bapa vyenye pembe vilivyounganishwa, kwa hiyo imejaa vipande vidogo vidogo.

Programu ya kusogeza vitu kwenye skrini hawakuwa nayo. Wahuishaji waliandika namba: tatu za mahali kitu kilipo, tatu za kilivyogeuka, kwa kila fremu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kitu kimoja kwa sekunde nne ni namba 576. Naamini hapa ndipo pa kujifunza zaidi, kwa hiyo jaribuni wenyewe kwenye Blender, programu ya bure ya uhuishaji wa 3D.

Wekeni fremu 24 kwa sekunde, jumla 96. Jengeni pikipiki kwa silinda, tufe na mchemraba tu, mkikata kwa Boolean, zana inayotumia umbo moja kukata jingine. Nyuso mbili zikilala mahali pamoja, mkato utatoka na madoa au matundu. Sogezeni umbo moja kidogo sana. Andikeni namba za fremu kuu (keyframe, zile mnazoweka mahali na mgeuko wenyewe) kwenye daftari kabla ya kuziingiza.

Kona ndiyo inayowashinda wengi. Pikipiki ile hugeuka nyuzi 90 papo hapo, lakini kati ya fremu kuu Blender kwa kawaida hutumia Bezier, yaani badiliko la polepole lenye mkunjo, hivyo pikipiki yenu itateleza ubavu. Mwendo uwe Linear (kasi ileile), mgeuko uwe Constant (unaruka ghafla). Ukuta unaoachwa nyuma urefusheni kwa kubadili ukubwa wa mhimili mmoja, ila kitovu chake (Origin) kihamishiwe kwenye ncha ya kuanzia, la sivyo utakua pande zote mbili na kuitangulia pikipiki.

Mwisho, mandhari yafifie kuwa meusi kadiri yanavyokwenda mbali. Wao walifanya hivyo kuipunguzia mashine kazi ya kukokotoa vitu vya mbali, na kwenye kompyuta dhaifu ya leo mbinu hiyo bado inaokoa muda.