Kabla Hujamwandikisha Mtoto Shule ya Chata, Nenda Kwenye Kikao cha Bodi

Februari moja mwanangu wa pili alirudi na barua kwenye begi: shule yake inafungwa mwisho wa mwezi. Tunaishi jimbo la Minnesota, Marekani. Theluji ilifika magotini, nami nilikuwa nikizunguka kumtafutia mtoto wa darasa la tatu nafasi katikati ya mwaka. Alikaa nyumbani wiki tatu, akilia kwamba hakuwaaga rafiki zake.

Ilikuwa shule ya mkataba, chata kama tunavyoziita huku. Nilivutiwa na madarasa yenye watoto wachache na sare safi. Habari za fedha sikuuliza hata kidogo.

Wazazi wenzangu, tuzielewe shule hizi. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya shule hizi Marekani, mwaka 1991, na City Academy ya St. Paul ikaanza kufundisha 1992. Ni shule za umma: hazitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi, watoto huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kila moja inaendeshwa na bodi yake yenyewe, kwa mkataba na msimamizi, yaani taasisi iliyoidhinishwa na jimbo kuisimamia, ambayo inaweza kukataa kuuongeza mkataba huo.

Fedha hutoka jimboni kwa hesabu ya vichwa. Shule za wilaya, yaani shule za umma za kawaida, zinaweza kuwaomba wapigakura kodi ya ziada. Chata haina njia hiyo. Hupata ruzuku ya kusaidia pango, lakini wanafunzi thelathini wakihama, fedha zao zinahama nao, huku mwenye jengo, mwalimu na dereva wa basi bado wanadai chao. Hivyo ndivyo shule ya mwanangu ilivyokufa. Niliyajua baadaye, niliposoma kumbukumbu za vikao: upungufu wa wanafunzi ulikuwa umeandikwa pale tangu Oktoba, na mzazi yeyote angeweza kuusoma.

Kwa hiyo nenda kikaoni. Sheria inakuruhusu, hata kama mtoto hajaandikishwa. Uliza bajeti ilipangwa kwa wanafunzi wangapi na waliopo leo ni wangapi. Uliza akiba ipo kiasi gani, na mkataba unaisha lini. Kama mtoto bado anajifunza Kiingereza, uliza watoto wa aina yake wanafaulu vipi, siyo wastani wa shule nzima.

Jina la chata peke yake halikuhakikishii ubora. Mwaka 2009 watafiti wa CREDO, Chuo Kikuu cha Stanford, walikuta asilimia 17 ya shule hizo zikizishinda shule za kawaida katika hesabu, na asilimia 37 zikiwa nyuma yake. Ripoti yao ya 2023 iliwakuta wanafunzi wa chata wametangulia kidogo kwa wastani, ila mtoto wako hasomi kwenye wastani. Anasoma kwenye jengo moja, kwa mwalimu mmoja.

Sasa mwanangu yuko chata nyingine. Nilihudhuria vikao viwili kabla ya kujaza fomu, na katika kile cha pili mhasibu alikaa nami akanifungulia bajeti ukurasa kwa ukurasa.