Jibu la msomaji: Benki ya chakula iwe ya mkoa mzima

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Hapo ulipo, benki ya chakula ya jamii inaweza kupambana na njaa kwa namna gani?" Mimi nauza nyanya na mboga Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na jibu langu linatoka mezani kwangu. Inaweza, tena sana, ila iwe ya mkoa mzima. Ya mtaa mmoja au kata moja haitafika mbali, kwa sababu mvua ikiwatupa watu wa kata moja, inawatupa wote kwa pamoja. Nani atamwekea mwenzake?

Tazama mkoa wetu wa Kilimanjaro ulivyo. Juu huko Marangu, Kibosho na Machame kuna migomba, maparachichi na mboga za majani karibu mwaka mzima, na bado iko mifongo, ile mifereji ya jadi, inayoleta maji mpaka vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Siha wanalima viazi mviringo, karoti na kabichi. Ukishuka Mabogini na Chekereni unakuta mpunga wa umwagiliaji. Halafu ushike barabara ya Dar es Salaam hadi tambarare za Mwanga na Same: vuli ikigoma na masika ikipita juu juu, mahindi yanakauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Wiki ileile mkulima wa Siha anayokosa mnunuzi wa kabichi, kuna mama Same anapima unga kwa kikombe. Hao wawili wako mkoa mmoja, chini ya mkuu wa mkoa mmoja, na kati yao hakuna anayebeba kitu.

Sokoni tunaiona ziada kwa macho. Msimu wa nyanya ukifurika, tenga linashuka bei mpaka mkulima anashindwa hata kurudisha nauli ya gari. Ikifika saa kumi jioni tunachambua. Ngumu zinalala zisubiri kesho, zilizolainika tunaziweka kwenye mafungu ya masalo, zilizopasuka zinakwenda na lori la taka. Lakini siku nyanya zinapofurika hata masalo hayanunuliki, na nyanya ambayo ingepikwa usiku huo inatupwa ikiwa haina kidonda.

Saa hizohizo wanapita akina mama kuomba majani ya nje ya kabichi. "Dada, naomba hayo, ya sungura wangu." Tunawapa. Yuko mmoja ambaye mimi na jirani yangu wa meza tunamfahamu kwa sura. Anachagua jani mojamoja, anaacha yenye matundu, anakung'uta mchanga, anayapanga vizuri ndani ya kanga kisha anafunga fundo. Sungura hachaguliwi majani hivyo. Hakuna anayemuuliza, wala sitaki aulizwe. Ila benki ya chakula ikianzishwa kwa mtindo wa kuwapanga watu foleni uwanjani, wapigwe picha wakipokea kilo mbili za unga, huyu mama haji. Ataendelea na sungura wake.

Na wazo lenyewe la benki ya chakula lilitoka kwa mama wa namna hiyo. Mwaka 1967 katika mji wa Phoenix, Arizona, Marekani, John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini, alikutana na mama aliyekuwa akilisha wanawe kwa vyakula vilivyotupwa na maduka. Mama huyo ndiye aliyemwambia pangefaa kuwe na mahali kama benki, mwenye ziada aweke na mwenye shida achukue. Ikazaliwa St. Mary's Food Bank, na leo mtandao wa Feeding America una benki za chakula zaidi ya 200 nchini kwao. Majirani zetu wa Kenya nao wanayo Food Banking Kenya tangu 2017, inayokusanya mashambani na kwenye vituo vya kufungashia mboga zile zilizokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya umbo au ukubwa tu. Kaskazini hii yetu, yenye mashamba ya mboga za kupeleka Ulaya, haikosi mboga za kukataliwa.

Watu wengi wanadhani benki ya chakula ni mahali pa kwenda na mfuko ukapewe. Kwa kawaida sivyo. Benki ya mkoa inapokea, inapima, inachambua, inaandika, inahifadhi na kusafirisha. Wanaogawa ni wengine walio karibu na watu: shule, kituo cha watoto, kikundi cha wajane, jumuiya ndogo ndogo, msikiti, usharika. Kila kimoja kinaingia mkataba kwamba hakitauza, hakitabagua kwa dini, kabila wala chama, na daftari lake litakaguliwa. Hapo ndipo penye nguvu. Msimamizi wa ghala aliyekaa Moshi mjini hawezi kujua ni nyumba ipi haikuwasha jiko jana usiku. Mama mwenyekiti wa jumuiya anajua, na anaweza kupita jioni na kikapu kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Mama wa sungura atapokea kwa mtu anayemjua, ndani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Kuna jambo lingine ambalo sisi watu wa Moshi tunalijua na hatulisemi sana. Desemba mji unajaa. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, magari hayana pa kupita, mbuzi wanachinjwa, kila kihamba kina wageni. Wenye moyo wanapeleka mchele na mafuta kwenye vituo vya watoto yatima. Ramadhani ikifika, futari inatolewa kwa wingi. Ni baraka ya kweli na namwombea heri kila anayetoa. Lakini njoo Februari na Machi. Wageni wameshaondoka, fedha zimekwenda kwenye sare, madaftari na michango ya shule, gunia la mwaka jana limekung'utwa, na la mwaka huu ndiyo kwanza linasubiri masika ili lipandwe. Bibi aliyebaki na wajukuu mlimani anapika ndizi asubuhi na ndizi jioni. Maharage hana, mafuta hana, dagaa anawasikia tu. Watoto wanashiba, na bado hawali vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu unamfikia pia mtoto ambaye kila siku tumbo lake limejaa chakula cha aina moja.

Kwa hiyo benki ya mkoa ikusanye na kununua mahindi na maharage Agosti na Septemba, mavuno yakiwa mapya na bei ikiwa chini, kisha itoe kuanzia Februari mpaka Juni. Hii ndiyo kazi ambayo sadaka ya sikukuu haiwezi kuifanya, hata iwe kubwa namna gani.

Hapo kwenye kuhifadhi naomba niwe mkali. Mahindi yanaingia ghalani yakiwa yamekauka, unyevu usizidi asilimia 13.5, na mashine ya kupima iwe mlangoni, si ofisini. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, ugali uive usiive. Mtu akileta gunia lenye ukungu kwa sababu sokoni limekataliwa, lirudishwe mbele yake, hata kama ni mkubwa wa mtaa, hata kama alikuja na mpiga picha. Maskini halishwi kile ambacho mtoaji asingekila. Na dhidi ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, ile mifuko isiyopitisha hewa inayowasaidia wakulima wengi itumike, ili chakula kifike Februari kikiwa chakula na si vumbi.

Wapo watakaosema serikali inayo NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, tena yenye kanda yake Arusha. Ni kweli, na nashukuru ipo. Ila wakala ule ni wa akiba ya nafaka ya taifa, kwa ajili ya maafa na kutuliza soko. Haukuwekwa kwa ajili ya kabichi za jioni Mbuyuni wala kaya moja iliyoishiwa katikati ya mwezi. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nayo inazipa kaya maskini ruzuku ya fedha, na fedha hiyo inafika mbali zaidi kama maharage ya mwezi huo yameshapatikana.

Maghala je? Vyama vya msingi vya kahawa vina maghala vijijini mlimani. Msimu ukiwa umepamba moto yanajaa, lakini kahawa ikishaondoka yale ninayoyafahamu yanabaki na nafasi kubwa mpaka msimu mwingine. Miezi ya nafasi ni ileile miezi ya njaa. Ghala kuu la mahindi liwe mjini, na hayo ya vijijini yaombwe yawe vituo vya kugawia kuanzia Februari, yasafishwe na kurudishwa kabla kahawa mpya haijaanza kuvunwa.

Mboga zina mwendo wake. Nyanya za jioni zisifikiriwe kwenda Same, zitafika uji. Ziishie mjini usiku huohuo au alfajiri, kwenye majiko ya shule na vituo vya watoto. Kabichi, karoti na viazi ndivyo vinavyovumilia safari. Fuso zinazoshusha tangawizi ya Same hapa mjini mara nyingi zinarudi zikiwa na nafasi. Dereva akilipiwa sehemu ya mafuta, anabeba. Ndiyo maana ukiniuliza mchango upi unahitajika kuliko yote, nitakwambia dizeli. Mchele watu wanapenda kuutoa kwa sababu unaonekana. Dizeli haipigiwi makofi, na bila hiyo kila kitu kinaozea pale pale kilipo.

Kwa upande wetu wauzaji, napendekeza kila mwenye meza atoe sado moja, lile kopo letu la kupimia, kwa wiki, ya kitu ambacho yeye mwenyewe angekipika. Tajiri wa maharage atoe sado ya maharage, mimi nitoe ya nyanya. Hakuna atakayefilisika kwa sado. Kilo zilizoingia na zilizotoka ziandikwe na kubandikwa sokoni kila Jumamosi, pamoja na majina ya vikundi vilivyopokea, kamwe si majina ya watu. Sokoni tumechangishwa mara nyingi, na mara nyingine hatukuonyeshwa fedha ilikokwenda. Karatasi hiyo ukutani itafanya kazi kuliko hotuba yoyote.

Nimelizungumza hili na wenzangu wa meza za jirani. Hakuna aliyeuliza kwa nini atoe. Waliuliza gari litapita saa ngapi, na kama litapita kila siku au siku za gulio tu.