Maswali na majibu: Kopi za likizo, mtu wa theluji na bibi wa Rombo

Shule zinakaribia kufunga na simu yangu haipumziki. Nimechagua maswali machache. Aliyeuliza "mwanangu hajui kusoma, nifanyeje?" ashuke moja kwa moja hadi kwa bibi wa Rombo.

Mwanangu wa la pili amerudi na kazi za likizo kurasa 60, kopi tumelipia wenyewe. Likizo ni kama wiki tano. Tugawe kurasa ngapi kwa siku? – Mzazi, Kimara

Msigawe, chambueni. Kaa na rundo hilo usiku mmoja, kalamu mkononi. Utakuta kujumlisha kulekule kumebadilishwa namba tu. Utakuta mtihani wa wilaya nyingine, jina la juu limefutwa kwa wino mweupe. Najua kwa sababu na mimi nimefuta. Mwalimu mwenye watoto 90 hana muda wa kutunga, anakwenda stationari na atakachokuta ndicho kitakachofika kwako. Januari hatazisahihisha. Kurasa 60 kwa watoto 90 ni kurasa 5,400. Atapiga tiki moja kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, basi.

Chagua 15, zile ambazo mtoto anakwama. Zilizobaki achore mgongoni. Mwalimu akiuliza, mwambie nimekutuma mimi.

Nimpeleke tuisheni likizo nzima? Yuko la tatu. – Wengi mno

Hapana. Novemba iliyopita nilisema hapana, na ile ya kabla yake pia. Wenzetu Kenya wameliweka hadi kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013: masomo ya likizo marufuku, na faini inaweza kufika shilingi 100,000 za kwao. Anayeniuliza tena mwakani simjibu.

Mwanangu anasoma la kwanza, English medium. Ameletewa karatasi ya kupaka rangi mtu wa theluji mwenye skafu na pua ya karoti, halafu aandike anavaa nini Desemba. Ameandika kandambili. Nimrekebishe? – Mama, Dodoma

Usimguse! Amejibu kweli.

Karatasi hizo zinapakuliwa intaneti. Zimetungwa kwa watoto wa Uingereza na Marekani, ambako Desemba ni baridi na giza linaingia mapema. Huko ni kazi nzuri kabisa, mtoto anachungulia dirishani na kuiona. Wa kwako akichungulia anaona maembe. Theluji yetu iko Kilimanjaro, mita 5,895 juu, na hata hiyo inazidi kupungua. Tunalipa ada kubwa ili mtoto ajifunze hali ya hewa ya kwa watu, na ya kwao hajawahi kuipima.

Basi mpime mvua. Tafuta chupa ya maji yenye ubavu ulionyooka, kata kichwa, kigeuze na ukichomeke kama faneli. Chini weka kokoto, mimina maji mpaka yazifunike. Chora mstari hapo, ndiyo sifuri. Iweke uwanjani, mbali na paa na mwembe. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayopima watu wa hali ya hewa, mtoto asome kwa rula milimita ngapi zimeongezeka juu ya mstari, aandike daftarini, kisha amwage mpaka kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua aandike 0, asiruke. Dodoma ndiyo kwanza inaingia msimu, sifuri zitakuwa nyingi mwanzoni, na siku ya kwanza yenye 23 atakuamsha usingizini.

Mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mwanangu. Yeye ataje majibu, mimi niandike? – Mama, Mbeya

Tunajua. Tunaujua mwandiko wa mama, wa dada wa kazi, na wa kaka wa kidato cha pili anayeikata saba kiunoni. Mwache aandike vibaya.

Mitihani ya kufunga tumemaliza, zimebaki wiki mbili. Ninao watoto 97 wa la tatu. Mimi nasahihisha, wao wanafyeka na kudeki. Niwape nini? – Mwalimu, mwaka wa pili kazini, Geita

Pole, mwalimu mwenzangu. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu, na waliokuongezea 52 hawapo hapo kukusaidia kusahihisha. Lakini kufyeka siku moja kunatosha.

Anza na karatasi za mtihani wenyewe. Shule nyingi huzifungia kabatini, mtoto anapewa namba ya nafasi aende nayo nyumbani kama tiketi ya basi. Zirudishe. Gawa makundi 12 ya watoto wanane, anayebaki mmoja awe mtunza muda. Kila kundi lipe swali moja lililokosewa na wengi, walifanye upya kwa chaki sakafuni, kisha watoke mbele kuwafundisha wenzao. Wewe kaa pembeni na rundo lako la Kiswahili, sikio moja likiwa kwao.

Siku ya pili fungua duka. Waje na maboksi matupu ya majani ya chai, makopo, karatasi za sabuni. Bei ziwe za dukani kweli, noti wakate kwenye daftari lililoisha. Niliwahi kufanya hivyo na darasa lililokuwa na msichana aliyeburuza mkia katika hesabu mwaka mzima. Dukani hakuna aliyeweza kumpunja. Mama yake alikuwa anauza dagaa, na yeye alirudisha chenji tangu hajaanza shule. Nikachukua karatasi yake ya mtihani, nikamsomea swali alilokosa, nikafika kwenye "tafuta salio". Akaniuliza, "Salio ndiyo nini, mwalimu?" Nikamwambia ni chenji. Akanipa jibu kabla sijamaliza kukaa.

Mchana, jua likiwa kali, vitendawili. Atakayeshindwa atoe mji, na mji huo auonyeshe kwenye ramani ya ukutani. Ila ukiwaandikia ubaoni "Kanuni 20 za likizo" wanakili, usiniandikie tena.

Amekuwa wa 41 kati ya 112. Nimnyime nguo za sikukuu? – Baba, Tanga

Nguo na kugawanya kwa namba mbili vinahusiana wapi? Mnunulie. Halafu muulize mwalimu mtoto amekwama mada gani, maana 41 si mada.

Watoto wangu wawili, la pili na la nne, nawapeleka Rombo kwa bibi yao hadi Januari. Mama hajui kusoma. Nani atawasimamia kazi? – Mama, Dar es Salaam

Bibi.

Mtoto asome kwa sauti, bibi asikilize. Hajui herufi lakini Kiswahili anakijua, sentensi isiyo na kichwa wala miguu ataishtukia. Wa la pili ni wajanja: wanakariri ukurasa mzima na kuuimba macho yakiwa kwa kuku. Bibi afunike picha kwa kiganja, aweke kidole kwenye neno la mwisho, mtoto arudi nyuma neno moja moja. Anayesoma atasoma, aliyekariri ataomba kwenda chooni. Hapo mkubwa aitwe.

Na mkubwa aangalie mdogo anakwama wapi hasa. Ba be bi bo bu wengi wanaziweza. Shida iko kwenye mbwa, nywele, chwa, na kutofautisha ngoma na ng'ombe. Silabi hizo aziandike kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja, tano kwa siku, dakika kumi, kisha wakacheze.

Hesabu bibi anazo tayari. Vibaba vinne ni pishi moja. Akipima maharage, mtoto aseme pishi tatu na nusu ni vibaba vingapi. Akikosea, bibi atajua kabla ya mwalimu yeyote.

Tuko Leeds, Uingereza, watoto wana wiki mbili za Krismasi. Wanaelewa Kiswahili ila wanajibu Kiingereza. Kuna vitabu vya mazoezi? – Mama wa watatu

Nyie ndio wenye haki ya yule mtu wa theluji. Vitabu vipo, lakini babu ni bora. Saa kumi jioni kwenu ni saa moja usiku kwake, ameshakaa barazani. Kila mtoto ampigie na swali moja aliloliandika mwenyewe: umekula nini, mvua imenyesha? Akikata simu aandike jibu la babu, sentensi tatu. Wewe usimkatishe kumsahihisha ngeli. "Kitabu yangu" haijaua mtu, Nairobi wanaishi nayo.

Shule zinafungua lini? – Zaidi ya kumi na wawili

Imeandikwa chini ya ripoti, pembeni ya mhuri. Ile ripoti uliyoisaini bila kuisoma.